Hatua za Mtu wa Kumi na Nne

Verlin Stouder alikuwa mbishi. Nalisema mapema, mtu asije akanilaumu baadaye kwamba nilimpamba. Alikuwa mbishi wa kutupwa, wa kubishana na redio, wa kumbishia mchungaji tarehe ya Pasaka. Mkewe Lodema, aliyeendesha basi la shule miaka ishirini na sita na hakuwa mtu wa kutishika, alikuwa akisema angeolewa na nyumbu angepata nafasi ya kuzungumza.

Kazi yake Verlin, kwa miaka thelathini na moja, ilikuwa kutembeza magoti yasiyo na wenyewe.

Msishangae. Hapa kwetu Warsaw, ya Indiana na siyo ile ya Ulaya, tunatengeneza mifupa. Jirani wa kushoto anasubu nyonga, wa kulia anang'arisha magoti, na mchungaji mwenyewe, kabla hajaitwa, alikuwa akichonga skrubu za uti wa mgongo. Mtu akikuambia dukani kwamba goti linamsumbua, inabidi umuulize kwanza: la mwilini au la kazini?

Maabara aliyofanyia kazi Verlin ilikuwa nyuma ya kiwanda, na chumba chake kilikuwa cha mwisho kabisa, kwa sababu ya harufu. Mle ndani mlikuwa na mashine yenye vituo sita. Kila kituo kilishika goti moja la bandia: chuma juu, chuma chini, na kipande cha plastiki katikati. Mashine inakunja goti, inalinyoosha, inalizungusha kidogo, inalikandamiza kwa uzito wa mtu mzima, hatua moja kila sekunde, bila kupumzika. Na magoti yote yanaogelea ndani ya majimaji ya damu ya ndama yaliyopashwa joto la mwili. Harufu yake, ndugu zangu, ukiingia nayo nyumbani mbwa anakufuata mpaka chooni.

Hatua milioni moja ni kama mwaka mmoja wa kutembea kwa mtu wa kawaida. Kila hatua laki tano Verlin husimamisha mashine, hutoa zile plastiki, huziosha, huzikausha, kisha huzipima kwenye mizani ambayo ukipiga chafya karibu yake unaanza upya. Uzito uliopungua ndio uliolika. Hapo ndipo Verlin alipokuwa mfalme. Hakuna mhandisi aliyethubutu kugusa ile mizani bila kumwomba ruhusa.

Sasa sikilizeni kituko. Mtu huyu, mwenye kuwatembezea wengine magoti, goti lake la kulia lilikuwa limekwisha. Gegedu la upande wa ndani, ule mto laini kati ya mifupa, lilikuwa limelika lote, mfupa unasaga mfupa. Alijua. Ujuzi wake ulimtosha kujipima mwenyewe akiwa anashuka ngazi. Lakini ukimuuliza, "Verlin, vipi mguu?" atakujibu, "Una nini na mguu wangu? Wako umekushinda?"

Na vile alivyokuwa na hila za kulificha! Kanisani kwetu tunayo ile karamu ya upendo, mara mbili kwa mwaka, ambapo ndugu humpigia ndugu magoti akamwosha miguu. Kupiga magoti Verlin hawezi, na kusema hawezi ndiyo kabisa hataki. Basi kila karamu ikifika anajitolea kupika supu ya ng'ombe. Watu wakamsifu kwa unyenyekevu, eti ndugu Verlin kila mara anajificha jikoni asionekane. Anajificha, ndiyo.

Kwa nini asiende kuwekewa goti jipya, na yamejaa mjini kama mahindi? Alikuwa anaogopa. Nasema hivi bila kuzunguka, kwa sababu yeye alizunguka mno. Aliogopa kama mpishi anavyoogopa kula hotelini: ameyaona ya jikoni. Miaka thelathini na moja ameangalia plastiki zikilika, ameandika kila kilichopungua, na kila akifikiria mguu wake mwenyewe umefunguliwa na kutiwa moja ya hizo, jasho jembamba linamtoka.

Mhandisi aliyekuwa naye siku hizo alikuwa Itzel Barragán. Miaka ishirini na tisa, mama yake bado anapakia nyama kwenye kiwanda cha bata, na yeye alikwenda chuo akarudi na udaktari wa namna viungo vinavyosogea. Alikuwa amebuni goti jipya ambalo upande wa ndani unatulia mahali pake na upande wa nje unazunguka, jinsi goti la Mungu linavyofanya. Miaka minne ya kuchora na kufuta. Verlin alimpenda sana, hasa kwa sababu alikuwa anaweza kubishana.

"Mzee Verlin, mashine yako inatembea kama roboti," alimwambia siku ya kwanza.

"Ni roboti, binti."

"Inatembea mwendo wa kwenye kitabu. Mwendo wa mtu asiyekuwepo. Mimi nataka itembee kama watu wa hapa, wenye miaka hamsini kwenda juu, waliobeba mabunda ya nyasi na kupanda trekta."

"Na ukiipa mwendo wa watu wa hapa itaanza kudai likizo ya kuwinda kulungu."

Lakini Itzel alishinda. Wakaita watu wa kujitolea, watu wazima wenye magoti mazima. Kila aliyekuja alivaa kaptula, akabandikwa vijipira vinavyong'aa kwenye nyonga, paja, goti, muundi na kifundo, akatembea ukumbini mbele ya kamera kumi huku sakafu ikipima anavyokanyaga. Kamera hazimwoni mtu. Zinaona vijipira tu, na kwenye kompyuta unapata vidoa vinavyotembea gizani. Majina hayaandikwi. Kila mtu ni namba.

Januari, siku ya mtu wa kumi na nne, theluji ya kutoka ziwani iliangukia kaunti yetu kana kwamba inatuchukia. Mtu wa kumi na nne hakufika. Itzel naye alipiga simu kwamba gari limezama mpaka madirishani. Aliyefika ni Verlin peke yake, kwa sababu redio ilisema watu wabaki nyumbani na yeye akaibishia.

Akakaa ukumbini anatazama kamera. Zimeshawashwa, zimeshapimwa, na asubuhi nzima itapotea bure. Umri unaotakiwa anao. Urefu anao. Kaptula ilikuwepo kabatini. Akajiambia, hivi nikikaza mguu kidogo, nani atajua?

Alijaza fomu. Penye swali la kumi, *Je, una maumivu yoyote kwenye viungo?*, akaweka alama kwenye *Hapana*. Alikuwa amesema hapana kwa miaka tisa, mkono ulikuwa umezoea. Akabandika vijipira mwenyewe, akatembea mara kumi, ameuma meno, amenyoosha mgongo, anatabasamu kwa kamera zisizoona uso. Akavaa suruali, akanywa kahawa, akasahau.

Mwezi wa pili Itzel alipitia mienendo yote achague mmoja wa kuilisha mashine. Alitaka rekodi safi kuliko zote, isiyo na kijipira kilichoteleza wala kubandikwa pembeni ya mfupa. Na nani katika mji mzima anajua kubandika vijipira juu ya mfupa penyewe kuliko mtu aliyebandika maelfu?

"Namba kumi na nne," alisema Itzel kwa furaha. "Angalia usafi huu, mzee! Huyu mtu ni nani?"

Verlin alijikuna shingo. "Sikumbuki. Mtu mmoja hivi. Mtanashati."

Hapo angeweza kusema. Sisi wote tunajua angeweza kusema! Lakini alijiambia kwamba alitembea vizuri, kwamba alilikaza, na kwamba mwendo ni mwendo. Mwendo wa kumi na nne ukaingia kwenye mashine, magoti sita mapya ya Itzel yakafungwa kwenye vituo, na safari ikaanza.

Kwenye laki tano za kwanza, plastiki zilikuwa zimelika kupita kiasi. Verlin akasema ni mwanzo tu, zinajizoeza. Kwenye milioni moja, upande wa ndani umelika mara mbili ya upande wa nje. Akabadilisha damu ya ndama. Kwenye milioni mbili akafungua mizani, akaisafisha kwa brashi ya manyoya, akaipima kwa mawe ya kupimia, ikawa sahihi kama siku iliyonunuliwa. Akaitukana. Kwenye milioni tatu, katikati ya Aprili, namba zilikuwa mbaya kiasi kwamba aliziandika kwa penseli.

Itzel alizisoma amesimama. Kisha akakaa juu ya ndoo.

"Nimekosea," alisema.

"Usiseme hivyo."

"Mzee, plastiki hazidanganyi, ni wewe uliyenifundisha. Miaka minne nimebuni goti linalojila lenyewe. Kesho kuna kikao. Ulrey ataniuliza, na mimi nitamwambia tulitupe."

Ulrey alikuwa mkurugenzi wa utafiti, mwembamba, mpole, na alipotupa kitu kilikuwa kimetupwa. "Au," akaongeza Itzel akijifuta pua, "watasema ni chuma. Wamemwita Dewey aje aeleze alivyong'arisha. Chuma kikikwaruza, plastiki inalika."

Dewey Kreider alikuwa mng'arishaji wa zamani kuliko wote kiwandani na rafiki yake tangu utotoni. Wanakaa benchi moja kanisani na wanaibiana karata kila Ijumaa. Chuma cha Dewey ungeweza kunyolea ndevu ukikitazama.

Itzel alipotoka, Verlin alibaki anaikodolea macho mashine. Kituo cha tatu kilikuwa mbele yake. Goti linanyooka, linashuka, na kabla tu halijabeba uzito, linasita. Kusita kidogo tu, kama mtu anayepima barafu kabla ya kukanyaga. Kisha linaukwepa mzigo kwa kuviringikia ndani. Linasita, linaviringika. Linasita, linaviringika.

Verlin akashika paja lake la kulia, akapiga hatua moja pale pale sakafuni. Likasita. Likaviringika.

"Lo!" alisema. "Ni wewe, mshenzi."

Milioni tatu za hatua! Magoti sita ya msichana wa watu yalikuwa yamechechemea mwendo wake, usiku na mchana, hata Jumapili. Hakuna goti chini ya jua, la chuma wala la nyama, ambalo lingestahimili. La kwake lilishindwa tayari.

Usidhani alikimbia kwenda kumwambia. Alikwenda nyumbani, akala viazi vya kuponda na tambi juu yake, hakubishana na mtu, mpaka Lodema akamshika paji la uso kuona kama ana homa.

Asubuhi alikuwa bado hajaamua. Alijua vizuri kilicho kwenye mizani. Akinyamaza, goti la Itzel linatupwa na jina la Dewey linachafuka. Akisema, basi miaka tisa ya *hapana* inaanguka mbele ya watu, na baada yake kinachofuata ni daktari na kisu. Aliingia kikaoni ameshika kikombe cha kahawa kwa mikono miwili.

Walikuwa saba mezani. Ulrey akasikiliza namba. Akamgeukia Dewey kwa adabu.

"Ndugu Kreider, kuna uwezekano wowote kwamba safari hii ung'arishaji haukuwa sawa?"

"Nimeng'arisha kama siku zote," alisema Dewey. "Ungeweza kuona humo madoa yako ya uzee."

"Labda tuangalie mwendo wenyewe," akasema Itzel. "Ili msiseme niliilisha mashine takataka."

Akabonyeza, na ukutani vikatokea vidoa vyeupe kumi na sita kwenye weusi. Havina uso, havina nguo, havina tumbo. Vidoa tu, vinatembea kutoka kushoto kwenda kulia.

Dewey alivitazama. Akakunja macho, akainama mbele. Alikuwa ametembea nyuma ya vidoa vile kwenda shuleni, kwenda ziwani, kwenda kubeba jeneza la baba wa mwenye vidoa. Taratibu akageuza kichwa akamtazama Verlin, na Verlin akatazama ndani ya kahawa yake.

Dewey akakohoa. "Mkurugenzi," akasema, "nikifikiri vizuri, huenda ni mimi. Macho yangu siyo yale ya zamani. Inawezekana niliacha mikwaruzo."

Mtu mwenye fahari ya kazi kama Dewey! Aliyewahi kumnunia mwanawe wiki nzima kwa kugusa gurudumu lake la kung'arishia! Akasema maneno hayo mbele ya watu, amenyooka kitini kama anayepigwa picha ya pasipoti.

Verlin aliweka kikombe mezani kwa nguvu mpaka kahawa ikamwagika.

"Wacha upuuzi, Dewey. Macho yako yanaona mchwa akiwa Illinois." Akainuka, na kuinuka kwenyewe kulimchukua muda. "Namba kumi na nne ni mimi. Nilijirekodi siku ya theluji. Goti langu limekwisha, na nilijua limekwisha."

Ulrey akafunua karatasi. "Fomu inasema hana maumivu."

"Fomu ilijazwa na mwongo."

Itzel alikuwa amesimama. Uso umemwiva. "Miezi miwili!" alisema. "Mzee, miezi miwili nalala najilaumu, naamka najilaumu! Nimemwambia mama yangu kwamba sifai! Na wewe upo, unanipa kahawa, unaniambia *ni mwanzo tu, zinajizoeza!*"

"Ndiyo."

"Ningekuwa na kitu mkononi ningekutupia."

"Chukua kikombe. Kimebaki nusu."

Mtu mmoja alicheka, akajutia. Itzel hakucheka. Alimtazama yule mzee aliyemfundisha kupima, anavyoegemea meza mguu mmoja, na sauti yake ikashuka.

"Tangu lini?"

"Nini?"

"Usinijibu hivyo. Linauma tangu lini?"

Verlin alifungua mdomo abishe, na hakupata cha kubishia. "Miaka tisa," alisema, na macho yake yakajaa, jambo lililomkasirisha sana.

Jaribio likafutwa lote. Ulrey akaagiza waanze upya kutoka sifuri, kwa mwendo wa mtu mwingine, plastiki mpya, damu mpya. Goti la Itzel halikutupwa. Wakati wa kutoka Dewey alimpiga rafiki yake begani, akamwambia, "Nimekuokoa bure, mjinga wewe," na Itzel akapita bila kuaga. Halafu akarudi kutoka katikati ya ukumbi. Akasema rekodi ya kumi na nne hataifuta, kwa sababu watu wanaokwenda kuwekewa magoti mapya wote wanatembea hivyo, na goti lake lazima siku moja liwaweze. Akasema pia kwamba kesho hatamsemesha. Keshokutwa, labda.

Verlin aliendesha gari kwenda nyumbani mchana kweupe, saa ambayo hakuwahi kurudi tangu aajiriwe. Lodema alikuwa jikoni anakanda unga wa tambi. Akamwona mlangoni, akaacha.

"Wamekufukuza?"

"Hapana."

"Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa, mwanamke, nipe nafasi." Akashika mgongo wa kiti. Kusema mara ya pili kulikuwa kugumu kuliko mara ya kwanza, sijui kwa nini, labda kwa sababu hapa hapakuwa na vidoa ukutani. "Lodema, mguu unaniuma. Unaniuma kila siku. Siwezi tena. Nataka wanitengeneze na naogopa."

Lodema akajipangusa unga kwenye aproni, kidole kimoja kimoja. Verlin akaona kidevu chake kinatetemeka, akashtuka, maana mwanamke huyu aliwahi kuingia mtaroni na basi lenye watoto arobaini na akatoka anaimba.

"Unajua kila Jumapili tukizunguka ziwa," alisema Lodema, "ninavyokuambia tukae kwenye benchi, miguu inaniuma?"

"Najua. Nimekuambia mara ngapi ununue viatu vyenye—"

"Verlin. Miguu yangu haijawahi kuuma."

Verlin akakishika kiti kwa mkono wa pili.

"Hata siku moja," alisema Lodema. "Miaka tisa nimekaa kwenye mabenchi yote ya kaunti hii. Nimesimama madukani natazama misumari nisiyoihitaji. Dada yangu ananiombea mikesha kwa ajili ya vifundo vyangu. Nilikuwa nasubiri useme."

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Nilikuuliza. Ulinijibu kwa kuniuliza kama wangu umenishinda."

Verlin alianza kutafuta neno la kuomba msamaha. Lodema hakulisubiri. Alivuta pumzi, akafungua aproni, akaitupa mezani juu ya unga, akaondoka kwenda sebuleni kwenye simu, kumpigia daktari kabla mumewe hajabadilisha mawazo.

Na Verlin, mtu aliyetazama miendo ya watu miaka thelathini na moja, akamwona mkewe anavyotembea. Alikuwa anatembea haraka. Alivuka sebule kwa hatua nne ndefu kama msichana, na kabla Verlin hajafika mlangoni alikuwa ameshashika simu.